Hukumu kwa Namba katika Jamhuri ya Adabuni

Ipo nchi iitwayo Jamhuri ya Adabuni, na anayedhani anaijua akae na dhana yake. Ramani yake haipatikani. Mchoraji wa ramani wa serikali alikuwa mwanamke, akakataa kuchora mto mahali pasipo na mto, akashtakiwa kwa ubishi, na kazi ikaishia hapo.

Katika nchi hiyo kila ofisi ya umma hutakiwa kutundika ukutani picha ya Rais, kalenda ya mwaka uliopita na Jedwali la Mienendo. Jedwali lina safu mbili. Ya kushoto huonyesha tendo linavyoitwa likifanywa na mwanamume, na ya kulia linavyoitwa likifanywa na mwanamke. Mwanamume akipiga meza, huo ni msimamo. Mwanamke akipiga meza, hiyo ni jazba. Mwanamume akinyamaza kikaoni, anatafakari. Mwanamke akinyamaza, amenuna. Mwanamume akitoka kazini mapema kumpeleka mtoto zahanati, huyo ni baba wa kuigwa na hupigwa picha ya gazeti la wizara. Mwanamke akimpeleka mtoto huyo huyo zahanati hiyo hiyo, moyo wake hauko kazini. Wataalamu walitumia miaka minne kuliandaa Jedwali. Lilipozinduliwa hakuna mtumishi aliyeshangaa, maana lilikuwa linatumika siku zote, ila sasa lilikuwa na fremu.

Matendo ya wanawake huandikwa katika Daftari la Ukali. Mwanamke akifikisha hati tatu za ukali huvuliwa cheo na kupelekwa Chuo cha Upole kilichoko Nyikapweke, kwa miezi tisa kamili. Huko hufundishwa kuanza kila sentensi kwa samahani, kutabasamu kwa madaraja matatu kulingana na cheo cha anayetabasamiwa, na kuzungumza mbele ya mshumaa bila kuutikisa mwali wake. Matendo ya wanaume huandikwa katika Daftari la Sifa. Kila mwanamume hujiandikia mwenyewe, kwa kuwa hakuna amjuaye zaidi, na mwisho wa mwaka Daftari hilo hutumika kugawa Nishani ya Uthabiti.

Zawena Mkufya, Mkaguzi Mkuu wa Vipimo, alikuwa na hati mbili. Ya kwanza aliipata kwa kutotabasamu alipokuwa anakagua mizani ya soko kuu, siku aliyoikuta inaiba gramu sitini katika kila kilo. Ya pili aliipata kwa kumsahihishia hesabu mkurugenzi wake mbele ya mgeni. Kwamba hesabu ilikuwa na kosa, hilo halikubishaniwa na mtu. Alikuwa na miaka arobaini na minne, kumi na tisa kati yake akiwa kazini, na muhuri wa vipimo wa taifa ulikuwa mkononi mwake. Hati moja zaidi, na muhuri ungekwenda kwa mtu mwenye tabasamu zuri.

*

Kikao kilichoileta hati hiyo kiliitishwa na Waziri wa Mienendo na Vipimo, Mheshimiwa Gosbert Lutandula.

"Ndugu zangu," alisema Waziri, "wananchi wanalalamika kuwa chakula hakitoshi. Chakula hatuna. Lakini kilo je? Kilo ni yetu! Nani alituambia kilo lazima iwe na gramu elfu moja? Tuliulizwa? Kuanzia Sikukuu ya Uhuru, kilo ya Adabuni itakuwa na gramu mia tisa. Mwananchi atakayenunua gramu mia tisa za unga atarudi nyumbani na kilo nzima!"

Mkurugenzi wa Wizara, Bwana Chande Mapunjo, alisimama akapiga makofi, akakaa, kisha akaona hajatosheka, akasimama tena.

"Kilichobaki ni muhuri tu," Waziri aliendelea. "Mkaguzi Mkuu, dada yetu Zawena, utagonga leo au kesho?"

"Hapana," alisema Zawena. "Kilo ni gramu elfu moja." Kisha akakaa.

Wanaume kumi na wanne walitazamana.

"Amesema nini?" Waziri alimwuliza Mapunjo.

"Amesema hapana, Mheshimiwa."

"Hapana ya namna gani? Ilikuwa na samahani mbele?"

"Tupu, Mheshimiwa. Kavu kabisa."

"Alitabasamu lakini?"

"Nilimwangalia meno. Sikuona hata moja."

Hapo Bwana Mapunjo alishindwa kuvumilia. Alipiga meza kwa ngumi mbili mpaka jagi likapinduka na maji yakatiririka juu ya kumbukumbu za kikao. "Ukali!" alifoka. "Mwanamke mzima, mama wa watu, anamkaripia Waziri! Ndiyo maana hamwezi kupewa madaraka nyie! Mnaongozwa na hisia!" Akaurusha mkebe wa kalamu, ukampata karani wa kikao begani. Karani alilisugua bega, akaandika: *Mkurugenzi alionyesha msimamo. Mkaguzi Mkuu alishikwa na jazba.*

Zawena alikuwa na kipima sauti mezani, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ametoka kukagua mashine za kusaga. Alikisoma. "Sauti yangu ilikuwa desibeli hamsini na nne," alisema. "Ya Mkurugenzi, pamoja na meza, tisini na saba."

Waziri alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeleta konokono ndani ya nyumba. "Dada yangu, kifaa chako kinapima sauti. Sisi hapa tunapima stara."

Wote walicheka. Kicheko kilifika themanini na nane. Zawena aliiandika namba hiyo pia.

*

Mpaka shauri lake lisikilizwe, Zawena aliondolewa kwenye vipimo akapelekwa masijala, chumba cha chini ya jengo mahali mafaili hupelekwa yasahaulike. Msimamizi wa masijala alikuwa Bi. Mwasiti Kondo, mama wa miaka hamsini na nane, aliyewahi kukaa Chuo cha Upole kwa kosa la kucheka.

"Miezi tisa, mwanangu, kwa vicheko vitatu," alimweleza huku akimsogezea kiti. "Na mizaha yote mitatu aliitoa Mapunjo mwenyewe. Nisingecheka ningeandikiwa kununa. Sasa wewe nikushauri kitu. Panda juu, kaombe radhi. Lia kidogo. Wanapenda."

"Kulia ni udhaifu. Safu ya kulia, mstari wa kumi na moja."

"Basi sema ulikuwa mgonjwa siku ile."

"Sikuwa mgonjwa."

"Wee Zawena, uso wako umepigwa pasi nini? Wanakwenda kukumaliza hawa! Unajua huko Nyikapweke kuna nini? Kuna yule Eufrasia, mkuu wa chuo. Anapima tabasamu kwa rula. Mimi nilikuwa napungukiwa sentimita moja kila siku, akawa ananivuta mashavu. Mpaka leo nikiona rula meno yanatoka yenyewe."

Zawena aligeukia ukuta wa pili. Alikuwa ameona rafu mbili zinazotazamana, moja ya Daftari la Ukali na nyingine ya Daftari la Sifa. Ya Sifa ilikuwa imejaa mpaka mbao zimepinda. "Hizi husomwa na nani?"

"Nani azisome? Wanajiandikia, wanaleta, mwisho wa mwaka tunahesabu kurasa. Mwenye kurasa nyingi anapewa nishani. Mapunjo anaongoza miaka sita mfululizo."

Zawena alichukua ukurasa mmoja akausoma amesimama. Kisha akaketi, akachukua wa pili.

*

Sheria mpya haikuletwa na Zawena. Hilo lieleweke, maana baadaye yalisemwa mengi.

Ililetwa na Mataifa Rafiki, ambayo yalikuwa yameisaidia Adabuni kununua fremu za Jedwali. Wajumbe wao walifika, wakala chakula cha mchana, wakauliza kwa upole kama si vizuri Kamati ya Mienendo, iliyosikiliza mashauri ya ukali, ihukumu bila kujua inamhukumu nani, ili isisemwe kuwa kuna chuki. Waziri alilipenda wazo hilo tangu alipolisikia, kwa kuwa haki ambayo haimgusi mtu humgharimu kidogo. Wiki ile ile Bunge lilipitisha Sheria ya Hukumu kwa Namba, na Waziri akaitetea kwa hotuba iliyotangazwa redioni nchi nzima.

"Kuanzia leo," alinguruma, "Kamati itaona matendo tu! Hakuna jina! Hakuna cheo! Hakuna huyu ni nani wala yule ni mke wa nani! Na hukumu ikishagongwa muhuri, hakuna wa kuitengua. Si mahakama, si mimi, si Rais. Hata kama aliyehukumiwa ni mama yangu mzazi, atakwenda Nyikapweke na mkoba wake!"

Mama yake mzazi, aliyekuwa anasikiliza redio nyumbani, inasemekana alizima.

Zawena aliisoma Sheria mara moja, taratibu. Kifungu cha tatu kilisema kuwa Masijala itaandaa muhtasari wa *kila taarifa ya mwenendo wa mtumishi wa umma* iliyopokelewa mwaka huo, pamoja na za watumishi walioko Chuoni, na kumpa kila mtumishi namba. Kifungu cha nne kilisema kuwa muhtasari utaondolewa majina, vyeo na maneno yote ya kusifu au kulaumu, yabaki matendo. Waandishi wa Sheria walikuwa na Daftari la Ukali kichwani. La Sifa halikuwajia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kuwa wanaume wana mwenendo. Wana sifa tu.

Mtu mwenye hila angenyamaza. Zawena hakuwa na hila. Alikuwa na utaratibu. Aliandika dokezo kwa Mkurugenzi: *Kifungu cha tatu kinasema kila taarifa. Naomba mwongozo: nipeleke taarifa zote zilizoko masijala, au zile za Daftari la Ukali peke yake?*

Dokezo lilirudi baada ya nusu saa. Mapunjo alikuwa amesoma mstari wa kwanza, kama ilivyo kawaida ya wakurugenzi, na kalamu yake ilikuwa imetoboa karatasi mahali pawili. *ZOTE! Kila kitu lazima uulize? Zote maana yake zote! Ubishi huu nao uandikwe.* Chini yake aliweka sahihi na tarehe.

"Iandikwe," Zawena alimwambia Bi. Mwasiti, na likaandikwa na hilo, kama taarifa moja zaidi dhidi yake. Kisha alilitoboa dokezo matundu mawili, akalifunga kwenye faili, akageukia rafu ya Sifa.

*

Ilimchukua wiki tatu. Kazi ilikuwa rahisi: alitoa sifa, akaacha tendo.

Bwana Mapunjo alikuwa ameandika: *Nikiwa mlezi wa nidhamu, nilimwamsha kimawazo mtumishi mzembe kwa kumpa changamoto ya kikombe.* Zawena aliuliza mashahidi, kisha akaandika: *Alimrushia mwenzake kikombe cha chai ya moto kwa sababu sukari ilikuwa kidogo.* Mapunjo alikuwa ameandika: *Nilitokwa na machozi ya kizalendo kwa ajili ya heshima ya usafiri wa serikali.* Zawena aliandika: *Alilia kikaoni alipoambiwa gari lake jipya ni jeupe, si jeusi.* Waziri mwenyewe alikuwa amejaza: *Niliuchangamsha mjadala kwa michango ya papo kwa papo.* Zawena alizisikiliza kanda za kikao, akahesabu: *Aliwakatiza wazungumzaji mara thelathini na moja katika dakika ishirini.*

Bi. Mwasiti alikuwa anasoma begani kwake. Mwanzoni alicheka, kisha akaacha.

"Mwanangu, ukiyaweka hivi watajijua. Watakuchinja."

"Umewajua wewe?"

Bi. Mwasiti alisoma tena kurasa mbili za namba tisa. "Huyu? Huyu ni... ngoja. Mtu wa kelele, analialia, mmbeya, hajui kusubiri zamu." Akakuna kichwa. "Ningeapa ni yule binti wa mapokezi, kama ningekuwa simjui."

"Ni Waziri," alisema Zawena, akachovya muhuri wa masijala katika wino.

Taarifa zake mwenyewe aliziandaa kwa kanuni ile ile, bila kuongeza wala kupunguza neno. Akajipa namba hamsini na saba, ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyobaki. Majina yaliwekwa kwenye bahasha, yakatiwa lakiri mbele ya mjumbe wa Mataifa Rafiki.

*

Kamati ilikaa siku mbili. Waziri aliongoza, Mapunjo kulia kwake, na kushoto Bi. Eufrasia wa Nyikapweke, mwanamke pekee katika Kamati, aliyewekwa humo kwa ajili ya uwiano na aliyekuwa mkali kuliko wote. Zawena, akiwa ofisa wa masijala, ndiye aliyesoma. Alisoma kwa sauti ya desibeli hamsini na nne.

Namba za awali zilikuwa za kawaida. Mmoja hakutabasamu. Mwingine aliuliza swali kikaoni. Kamati iliwaachia kwa onyo, ikaanza kuchoka.

"Namba saba," alisoma Zawena. "Alimrushia mwenzake kikombe cha chai ya moto kwa sababu sukari ilikuwa kidogo."

Mapunjo alikurupuka. "Alifanya nini?"

"Alilia kikaoni alipoambiwa gari lake jipya ni jeupe, si jeusi."

"Gari? Siku hizi tunawapa na magari? Ndiyo matokeo yake haya!"

"Alipiga meza mara sitini na tatu katika mwaka. Alirusha mkebe wa kalamu ukampata karani begani. Alimkaripia mhudumu mbele ya wageni kwa kuwa chapati zilikuwa mbili."

"Mheshimiwa," alisema Mapunjo, mkono kifuani, "mimi ni mtu mpole, lakini mwanamke huyu ni hatari kwa umma. Amelelewa na nani? Ana mume kweli?"

"Hawezi kuwa na mume," alisema mjumbe mmoja aliyekuwa amesinzia.

"Napendekeza Nyikapweke," alisema Mapunjo. "Na mshumaa wake uwe mwembamba."

Bi. Eufrasia aliinua rula kuashiria kuafiki. Muhuri uligongwa.

"Namba tisa," alisoma Zawena. "Aliwakatiza wazungumzaji mara..."

"Mara ngapi?" alidakia Waziri.

"Mara thelathini..."

"Thelathini! Mnasikia? Thelathini! Mtu gani huyu asiyeweza..."

"...na moja, katika dakika ishirini. Alitoka kikaoni kwa hasira kwa kuwa kiti chake kilikuwa kifupi kuliko cha mgeni. Alimnunia mwenzake wiki sita kwa kuwa hakumsifu suti. Aliahirisha mkutano wa taifa akatengenezwe nywele."

Waziri aliupapasa utosi wake uliopakwa rangi nyeusi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ndugu wajumbe, jambo hili linaniumiza kama mzazi. Majivuno, kisirani, vioo na nywele! Nimesema siku zote, maumbile ni maumbile. Nyikapweke, miezi tisa, na asipunguziwe hata siku moja. Iandikwe hivyo hivyo, kwa maneno yangu."

"Hata siku moja," alirudia Zawena, akiandika.

Ikawa hivyo kwa watu ishirini na sita. Hakuna mjumbe aliyejitambua. Kila mmoja alimhukumu mwenzake kwa uchungu, na mwenyewe kwa uchungu zaidi. Kufikia jioni ya siku ya pili walikuwa wamechoka kwa maovu, na masikio yao yamezoea vikombe na ngumi.

"Namba hamsini na saba," alisoma Zawena. Hakuna aliyeona kuwa kidole chake kilikuwa kimeushika ukurasa kwa nguvu mpaka ukakunjika pembeni. "Alikagua kazi bila kutabasamu. Alisahihisha hesabu iliyokosewa. Aliomba mwongozo kwa maandishi. Alikataa hoja kikaoni kwa neno moja, akatoa sababu kwa sentensi moja, akakaa."

Wajumbe waliinua vichwa.

"Halafu?" aliuliza Waziri.

"Ndiyo mwisho."

"Akarusha nini?"

"Hakurusha kitu."

"Ndiyo nini sasa!" Waziri alitupa kalamu. "Mnatuletea na watu wasio na hatia? Laiti wote wangekuwa hivi! Faili lifungwe, hati zake zifutwe, arudishwe kwenye kazi yake leo hii. Na asisumbuliwe tena na mtu."

"Hakika," alisema Mapunjo. "Huyo angalau ana malezi."

Muhuri uligongwa. Zawena alipuliza wino ukauke.

*

Bahasha zilifunguliwa Jumamosi, uwanjani, mbele ya Mataifa Rafiki, bendi ya polisi na redio ya taifa. Waziri alisema azifungue yeye mwenyewe, kwa kuwa picha zingekuwa nzuri.

Namba sita za kwanza zilikuwa za wanawake, wote wameachiwa. Watu walipiga makofi ya kiasi.

"Namba saba!" alitangaza Waziri. "Mrusha vikombe! Miezi tisa! Naye ni..." Aliivuta karatasi. "Chande Mapunjo." Akainua macho. "Mkurugenzi, kumbe una dada yako serikalini?"

"Sina dada, Mheshimiwa," alisema Mapunjo kwa sauti ambayo isingetikisa mshumaa.

Bahasha ya nane ilikuwa ya katibu wa Kamati. Ya tisa Waziri aliifungua, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Bendi ilisubiri. Mjumbe wa Mataifa Rafiki aliuliza kwa adabu kama jina linasomeka.

Bi. Eufrasia alivaa miwani, akamnyang'anya karatasi. "Gosbert Lutandula," alisoma kwenye kipaza sauti. "Basi la Chuo linaondoka saa nane. Mizigo isizidi mikoba miwili."

"Ni kosa la masijala!" Waziri alipiga kelele. "Yule mwanamke! Zile zilikuwa sifa! Sifa zangu! Huwezi kumhukumu mwanamume kwa... kwa aliyoyafanya!"

Sentensi hiyo ilikwenda hewani nchi nzima. Zawena alipanda jukwaani na faili. Alionyesha kifungu cha tatu. Alionyesha dokezo lenye neno ZOTE na sahihi ya Mkurugenzi. Alionyesha sahihi ya Waziri chini ya hukumu, na maneno yake mwenyewe kuhusu siku za kupunguziwa. Hakuongeza jambo.

"Dada Zawena," Waziri alimnong'oneza, mbali na kipaza sauti, "mwanangu, mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu. Fanya utaratibu."

"Huu ndio utaratibu, Mheshimiwa," alijibu Zawena.

Saa nane kamili basi liliondoka na wanaume ishirini na sita, na baadaye likarudi na wanawake waliokuwa Chuoni, wote wameachiwa. Jumatatu Zawena alirudi ofisini kwake, akaufungua mtungi wa kioo wenye jiwe la kilo la taifa, akalipima. Gramu elfu moja.

*

Uwaziri ulikaimishwa kwa Bwana Hemedi Kilua, mwanamume pekee wa ngazi za juu aliyebaki. Alikuwa likizo ya ugonjwa mwaka mzima, hivyo hakuwa amejipatia sifa yoyote. Wiki ya tatu alimwita Zawena. Mezani kwake palikuwa na rundo la barua.

"Bi. Zawena, karibu, keti. Habari za Nyikapweke zinatisha. Mapunjo alizima mishumaa arobaini siku ya kwanza, sasa anaambiwa aseme samahani mara mia kabla ya uji. Mzee Lutandula anapimwa tabasamu la daraja la tatu kila asubuhi, na yule Eufrasia hasikii la mtu. Anamwambia mashavu yake yana kiburi. Wanaandika kuwa ni unyama. Wanasema hakuna binadamu anayestahili kufanyiwa hivi."

"Kweli hakuna," alisema Zawena.

Kilua alipumua kwa faraja. "Nilijua tutaelewana! Nimeandaa muswada wa kufuta kila kitu. Jedwali, Daftari, Chuo. Bunge zima linaunga mkono, sijawahi kuona umoja kama huu. Ila Sheria inataka cheti cha Mkaguzi Mkuu kwamba kipimo kinachofutwa hakifai. Hiki hapa. Weka muhuri, kesho wako nyumbani."

Zawena aliusoma muswada wote, ukurasa kwa ukurasa. Ulikuwa mzuri. Hakuwa na neno la kubadili. Alichukua kalamu, akaandika cheti, akagonga muhuri, akamrudishia.

Kilua alisoma tarehe. Akaisoma tena. "Lakini hii ni miezi minane na wiki moja kutoka leo."

"Siku watakayomaliza."

"Si umesema hakuna anayestahili?"

"Nimesema. Wanawake mia mbili na kumi na wawili walimaliza pale kabla ya Sheria. Nina orodha. Kila mmoja alikaa miezi tisa, hakuna aliyepunguziwa siku. Walioandika barua, barua zao ziko masijala, hazijafunguliwa. Kipimo hakibadilishwi mzigo ukiwa bado juu ya mizani."

Kaimu Waziri alimtazama kwa muda, akitafuta usoni mwake mahali pa kuanzia kubembeleza. Hakupaona.

"Bi. Zawena," alisema hatimaye, "huo sasa ni ukali."

Zawena alimsogezea karatasi tupu, akaweka kalamu juu yake.

"Andika, Mheshimiwa," alisema. "Na tarehe."